Shabiki Maandazi na Nchi Yake



Kuna tusi moja dogo la mpirani ambalo limekuwa likinisumbua tangu mwezi wa nane: "shabiki maandazi". Tunamwita hivyo mtu ambaye hajui kuotea ni nini, ligi nzima hajaifuatilia, majina ya wachezaji anayakosea, lakini Taifa Stars wakicheza mashindano makubwa anatokea na jezi mpya kabisa, anakaa mbele na kupiga kelele kuliko wote. Stars wakitolewa anapotea hadi mashindano mengine. (Kwa nini maandazi yabebeshwe mzigo huu, sijaelewa. Hapa Kilindoni maandazi ya asubuhi yamefanya mema mengi kuliko mpira.)

Mimi ni frateri. Nimemaliza falsafa na sasa niko kwenye mwaka wa uchungaji hapa kisiwani Mafia. Vijana wetu Wakatoliki huku ni wachache, wengi ni watu wa bara walioletwa na kazi: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wadogo. Katika kikao chetu kimoja, mwalimu mmoja kijana aliuliza swali zuri. Hawa mashabiki maandazi si wanafiki? Unaipendaje nchi kwa dakika tisini? Akaongeza kwamba hawana tofauti na Wakatoliki wa Krismasi na Pasaka. Watu wakacheka, mjadala ukaishia hapo. Mimi naona uliishia mapema mno.

Tuanze na jambo ambalo wajuzi wa mpira wanalipita haraka. Klabu tunaichagua. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na mpaka leo shabiki wao anaweza kukueleza siku aliyochagua upande, au ni mjomba gani alimvuta. Arsenal ndiyo kabisa, hakuna ukoo wowote unaotuunganisha nayo. Mapenzi ya namna hii yana haki ya kudai ujuzi kidogo: umeichagua mwenyewe, basi tueleze umeona nini kwao. Lakini Tanzania wengi wetu hatukuichagua. Tumezaliwa, tukajikuta tumo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 101, anaiweka nchi mahali ambapo hatujazoea kuiweka: pamoja na wazazi. Hoja yake ni kwamba baada ya Mungu tuna deni kwa wazazi na kwa nchi, kwa sababu kwao tumepata kuzaliwa na kulelewa. Fadhila ya kulipa deni hilo anaiita kwa Kilatini pietas. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafuata njia hiyohiyo: wajibu wa kuipenda na kuitumikia nchi umewekwa chini ya amri ya nne, namba 2239, amri ileile ya baba na mama.

Sasa deni si sawa na ujuzi. Mama akilazwa, hakuna anayesimama mlangoni mwa wodi kuwatahini watoto kama wanakumbuka presha yake ya mwaka jana. Mtoto anaingia kwa sababu ni mtoto. Hata yule ambaye hajapiga simu miezi mitano anaingia, na mama anafurahi kuliko dada mkubwa aliyekuwepo siku zote na ambaye amenuna pale pembeni. Shabiki maandazi anaingia kibanda umiza kwa tiketi hiyo. Kumdai ajue kuotea ni kumdai kitu ambacho nchi yenyewe haijamdai.

Na ule mfano wa Krismasi na Pasaka, kwa maoni yangu, unachechemea. Mkatoliki ana wajibu wa Misa kila Dominika. Kanisa limesema wazi. Hakuna mahali tulipoambiwa kwamba deni la nchi linalipwa kwa kutazama mpira. Anayekosa mechi zote za kufuzu hajamwibia mtu. Na anayekumbuka kwamba Stars walicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1980 kule Nigeria, kisha tukasubiri miaka 39 hadi Misri 2019, ana kumbukumbu nzuri na nampongeza, ila kwa kukumbuka hivyo hajalipa hata senti moja ya deni.

Kwa hiyo kama kosa lipo, tulitafute kwingine. Nadhani nimeliona mahali lilipo, na nililiona kwenye kibanda umiza cha hapa mjini, Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025. Asubuhi tulikuwa tumesali Misa ya kumbukumbu ya Bikira Maria Malkia. Usiku, saa mbili, ilikuwa robo fainali ya CHAN, Stars na Morocco, Uwanja wa Benjamin Mkapa. CHAN, kwa wasiofahamu, ni mashindano ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao, na mara hii Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa kwa pamoja. Tulikuwa tumeifunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1, tukatoka sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Watu walishaanza kuota. Kiingilio kilipanda kutoka jero hadi buku na bado mabenchi yalijaa: wavuvi waliotoka dago, vijana wa bodaboda, wauguzi wetu wawili, akina mama nyuma na watoto wao. Kwa sisi wa kuja, katika kisiwa ambacho karibu kila mtu ni Mwislamu na kila familia inajua kaburi la babu yake liko wapi, kibandani ni mojawapo ya sehemu chache ambapo hakuna anayekuuliza umetokea wapi.

Kando yangu alikaa mzee mmoja mvuvi. "Shikamoo babu." "Marahaba, Padri." Nimeshamweleza mara nyingi kwamba bado sana, hataki kusikia. Mpira ulipoanza akaniinamia: "Sisi ndio wepi?" Nikamwonyesha. Baada ya hapo akatulia, akawa anatazama kama mtu anayetazama bahari.

Mimi nilikuwa nasikiliza maneno. Kiswahili hakina huruma katika jambo hili. Kitenzi chetu kinabeba nafsi mbele yake. Huwezi kusema umekosa au umepata bila kutangaza umesimama upande gani. Kipindi cha kwanza kibanda kizima kilikuwa "tu-". Tunashambulia. Tumekosa! Tunabanwa kulia. Kipindi cha pili Oussama Lamlioui akafunga, 1-0. Mwanzoni ilikuwa bado "tu-": tutarudisha, tuna muda. Dakika zikayoyoma. Kisha nikaisikia ikigeuka. Wamezembea. Wanapiga pasi za nyuma. Hawa jamaa hawajui. Wametuaibisha. Mwenye mkeka wake wa kubeti alikuwa wa kwanza, akafuatiwa na yule aliyetueleza mfumo wa kocha tangu mwanzo. (Kocha wetu wakati huo, Hemed Suleiman, ndiye tunayemwita "Morocco", na utani huo ulitosha kwa nusu saa ya matusi.) Watu wa Yanga wakawalaumu wachezaji wa Simba, watu wa Simba wakawalaumu wa Yanga. Filimbi ya mwisho ilipolia, Stars walikuwa hawana mwenyewe.

Mzee akasimama, akakung'uta kikoi chake. "Haya," akasema, "tumefungwa." Akatoka.

Jamani, mtu aliyehitaji kuonyeshwa timu yake ni ipi ndiye peke yake niliyemsikia akibaki na nafsi ileile hadi mwisho. Na wale wenye ujuzi wote ndio waliohama. Sisemi ujuzi ni mbaya, wala sisemi timu isikosolewe. Kuna kukosoa kwa "tumezembea" na kuna kukosoa kwa "wamezembea", na makosa yanayotajwa yanaweza kuwa yaleyale kabisa. Tofauti ni kama unayesema unakubali kubeba sehemu ya aibu.

Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mungu amrehemu, alilifananisha soka letu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila mtu anajifunzia kunyoa. Tumeurudia msemo huo kwa miaka mingi, na kila ninapousikia unasemwa kwa kicheko, kama vile kichwa chenyewe ni cha jirani. Kumbe kipo mabegani mwetu.

Na si mpirani tu. Sikiliza tunavyoongea. "Waswahili bwana!" anasema Mswahili. "Watanzania ndivyo walivyo, hawajali muda," anasema Mtanzania aliyechelewa kikao. Rushwa ni yao, uchafu ni wao, uvivu ni wao. Medali ikipatikana, tumeshinda. Hata hapa kwetu: nimewasikia vijana wenzangu, watu wema kabisa, wanaongelea wenyeji kama "hawa watu wa kisiwani", wakihesabu miezi hadi uhamisho utoke. Usiku wa mechi hawa walikuwa "sisi". Jumatatu walikuwa wamesharudi kuwa "hawa". Mwenyeji anasikia. Mgonjwa anayekaa mbele ya muuguzi anasikia haraka sana kama yeye ni "sisi" au ni "hawa", na mwanafunzi darasani anasikia haraka kuliko mgonjwa.

Fungua Danieli sura ya 9. Danieli yuko uhamishoni Babeli. Kitabu chote kinamwonyesha kuwa mtu mwaminifu. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "wametenda dhambi", ni yeye. Yerusalemu iliharibiwa kwa makosa ya wafalme na wakubwa ambao yeye hakuwa miongoni mwao. Lakini sala yake ndefu inakwenda kwa nafsi ya kwanza wingi mwanzo hadi mwisho: dhambi ni yetu, aibu ni yetu. Hajidanganyi kwamba yeye binafsi alifanya yale yote. Anakataa tu kushuka kwenye jahazi kwa sababu limeingia maji. Na Bwana wetu alipotufundisha kusali alitufundisha kwa wingi, kiasi kwamba hata ukiwa peke yako chumbani, mlango umefungwa, unasema Baba Yetu.

Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre, Mkatoliki mwenzetu aliyefariki Mei 2025, alitoa mhadhara mwaka 1984 akiuliza kama uzalendo ni fadhila. Kitu kimoja alichosema kimenisaidia: anachoshikamana nacho mzalendo ni nchi kama safari ya pamoja iliyoanza kabla yake na itakayoendelea baada yake, si hali iliyopo leo wala wale walioshika usukani leo. Kwa maana hiyo unaweza kupinga mengi yanayofanyika na bado ukasema "sisi". Pengine ukisema "sisi" ndipo unapata haki ya kupinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu unapinga ukiwa ndani ya nyumba.

Kuna pingamizi ambalo sitaki kulikwepa. "Sisi" inaweza kuwa sumu. Usiku uleule, mapema kidogo, Kenya walitolewa na Madagascar kwa penalti, na pale kibandani kuna walioshangilia. Tuliandaa mashindano pamoja, majirani, lugha moja, na bado furaha yetu ilitafuta mtu wa kudharau. Mtakatifu Yohane Paulo II, alipohutubia Umoja wa Mataifa mwaka 1995, alitenganisha uzalendo na utaifa unaodharau wengine, na nakubaliana naye. Ila nimeona kwamba walioshangilia kutolewa kwa Kenya saa moja ndio waliosema "wametuaibisha" saa nne. Sidhani ni bahati mbaya. Mtu ambaye nchi yake ni kioo cha kujitazamia tu atamdharau jirani akishinda na atawakana ndugu zake wakishindwa; ni ugonjwa mmoja.

Wiki iliyofuata, tarehe 30 Agosti, ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Tulifagia na kuokota chupa za plastiki upande wa ufukweni. Watu hawakuwa wengi. Jezi za Stars nilihesabu tatu. Moja ilivaliwa na mama mmoja ambaye usiku wa mechi alishangilia mpira wa kurusha akidhani ni kona. Mbili sikuwafahamu wenyewe. Yule wa mkeka hakuwepo, lakini huenda alikuwa baharini, na sitaki kujenga hoja juu ya jezi tatu. Mwalimu wetu alikuja, akafagia kuliko wote, na akakubaliana na mimi nusu tu kuhusu Krismasi na Pasaka.

Jioni hiyo ilikuwa fainali kule Nairobi. Morocco tena, na Madagascar, haohao tuliowafunga 2-1. Kiingilio kilikuwa kimerudi jero na mabenchi yalikuwa na nafasi. Mzee alikuja akiwa amechelewa, bao limeshaingia, akakaa palepale kando yangu.

"Leo sisi ni nani?" akauliza.

Kijana mmoja nyuma akamjibu, "Leo hatumo, babu."

"Aah," akasema mzee. Akafikiri kidogo, akitazama. "Hawa wa Bukini ni watu wa bahari." Akavuta benchi mbele, na Morocco waliposhinda 3-2 alinisalimu kwa mkono na kunipa pole.