Subira Si Kuufunga Moyo



Mtu akifiwa, nyumba hujaa watu wakimwambia, "Subiri, usilie." Mwenye msiba hunyamaza, na watu hurejea makwao wakimsifu. Miezi ikipita, mtu huyo hapati usingizi, chakula hakimpiti, kichwa chamuuma na kifua chambana. Jee, ile ilikuwa ni subira kweli?

Tuitazame Sura ya 12. Nabii Yaakub (A.S.) alipompoteza mwanawe aliazimia subira njema. Lakini Sura hiyo hiyo yatueleza kuwa macho yake yalifanya weupe kwa huzuni aliyokuwa akiizuia. Naye Mtume wetu (S.A.W.), alipofiwa na mwanawe Ibrahim katika mwaka wa 10 wa Hijra, alitokwa na machozi mbele za watu. Sahaba mmoja alipostaajabu, alimjibu kuwa hayo ni rehema. Alichotukataza ni kujipiga mashavu, kurarua nguo na kusema yasiyomridhi Mola. Machozi hakuyakataza.

Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaonyesha kuwa kimoja kikiugua, cha pili hakistarehe. Katika mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza maradhi ya moyo yanayoweza kuletwa na msiba au hofu ya ghafla. Waliyaita takotsubo, yaani chungu cha kutegea pweza, kwani sehemu ya moyo hufura ikafanana na chungu hicho. Mgonjwa hubanwa na kifua kama aliyezibwa na mshipa wa moyo, na mshipa haukuziba. Wengi hupona baada ya wiki kadhaa, lakini wako wafao. Na dhiki isiyokuwa ya ghafla, ile ikaayo moyoni siku nyingi, huondoa usingizi, huvuruga tumbo na huweza kupandisha shindikizo la damu.

Kwa nini basi watu hufunga mioyo yao? Tusiwalaumu upesi. Wengi wachelea kuwa lililosemwa alasiri litafika barazani kabla ya magharibi. Na sisi nasi, mara nyingine twamwambia mtu "subiri" kwa sababu hatutaki kukaa tukamsikiliza. Neno tukufu twalifanya pazia la uvivu wetu.

Mtume (S.A.W.) alipotokewa na Malaika katika pango la Hira, alirudi akitetemeka, akamweleza Bibi Khadija hofu yake. Bibi hakumkemea. Alimfunika nguo, akamsikiliza, akamliwaza kwa kumkumbusha wema wake, kisha akampeleka kwa Waraka bin Naufal, mtu mwenye ilimu. Huo ndio mwendo. Anayekwambia dhiki yake msikilize mpaka amalize, umliwaze, na jambo likiwa kubwa umpeleke kwa mjuzi wake. Dua haimzuii mtu kwenda kwa daktari, na kifua kinachobana si cha kungojewa. Na alilokwambia ni amana. Ukilitoa nje umekhini.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi kila mmoja wetu ajiulize usiku wa leo: nyumbani kwangu ni nani afichaye, na amchelea nani?

Wabillahi tawfiq.