Kurudi kwa Wale Waliotuuza



Jumapili ya kwanza ya mwezi uliopita, wazee wa kanisa walisoma mbele ya waaminifu majina ya wanaotumwa kwa safari ya Injili. Sisi mashemasi watatu tuliitwa, na mahali tulipopewa ni kijiji kile tulichozaliwa ndani yake, tukakitoka kwa mbio mwaka 1998 vita ilipoingia, sisi tukiwa vijana wa miaka 15 na 16. Tuliwajibu wazee kwamba tutaomba kwanza. Lakini tuwaambie kweli, maana tuko mbele ya Mungu: kuomba kule kulikuwa kisingizio. Mara mbili mbele ya hapo tulikwisha kukataa, mara ya kwanza kwa sababu ya mvua, mara ya pili kwa sababu ya pesa ya gari. Sababu yenyewe ni nyingine. Kule kuna watu walioonyesha nyumba zetu kwa askari, na leo wanalima mashamba ya wazazi wetu. Twende kuwahubiri hao? Tuwaambie nini?

Katika siku hizo za kuchelewa-chelewa tulisoma tena habari ya mtumishi mmoja wa Afrika ya Magharibi, jina lake Samuel Ajayi Crowther. Waliosoma sekondari wamemsikia kidogo. Tunaleta habari yake hapa kwa sababu imetuhubiri sisi kwanza. Na mfungue Mwanzo, sura ya 45, mwiache wazi magotini, hapo Yusufu anapojitambulisha kwa ndugu zake.

Mtoto Ajayi alizaliwa karibu mwaka 1809 katika mji wa Osogun, inchi ya Wayoruba, ile tunayoiita leo Nijeria. Mwaka 1821, asubuhi, wanawake wakiwa wanapika chakula, adui waliuzunguka mji. Baba yake alikuja mbio, akawaambia wakimbie, akarudi kupigana. Mama alikimbia pamoja na watoto, wakakamatwa porini, wakafungwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakaongozwa kama mbuzi. Mtoto alikuwa na miaka 12 hivi, labda 13. Alipogeuka aliona moshi wa mji wao.

Na ni nani waliokuja kuwakamata? Hapa ndugu, msikilize vizuri. Walikuwako Wafulani, ndiyo, lakini yeye mwenyewe aliandika mwaka 1837 kwamba wengi walikuwa watu wa Oyo, watu wa lugha yake. Walioitikia salamu moja na baba yake, ndio waliochoma nyumba. Mzungu mwenye meli alikuwa anangoja mbali, pwani. Mkono wa kwanza ulikuwa mkono wa jirani.

Kesho yake mtoto alibadilishwa kwa farasi. Mkubwa aliyemtoa hakupendezwa na farasi yule, akamrudisha, akamchukua tena mtoto. Kisha akauzwa tena na tena, bei yake ikahesabiwa kwa tumbako na pombe. Kuna mahali alikutana tena na mama yake kwa miezi kama mitatu, na jioni moja akaondolewa bila kuagana naye. Mtoto huyo alifika hatua ya kutaka kujinyonga usiku kwa mshipi wake. Moyo ukakosa nguvu ya kufanya hivyo. Tunasema moyo ulikosa nguvu. Sisi tunaoamini tunajua mkono gani ulioushika mshipi ule.

Mwaka 1822 alipakiwa ndani ya meli ya Wareno huko Lagos. Meli ya vita ya Waingereza, Myrmidon, iliikamata meli ile na kuwaokoa watumwa. Lakini wao hawakujua kwamba wameokolewa! Ajayi aliona nyama ya nguruwe imetundikwa, ngozi yake nyeupe, maana kwao nguruwe anachomwa moto kwanza kuondoa manyoya. Aliona na risasi kubwa za mizinga zimepangwa chini, za mviringo. Akafikiri ile ni nyama ya watu, na hivi ni vichwa vyao. Mtu anaweza kukaa ndani ya meli ya wokovu wake huku anatetemeka kwamba ataliwa. (Tunawajua hata katika kanisa letu.)

Walimshusha Freetown, katika Sierra Leone, tarehe 17 Juni 1822. Alijifunza kusoma, alijifunza useremala, akabatizwa tarehe 11 Desemba 1825 na kuitwa Samuel. Akaoa mama Susan, naye aliyekuwa mtumwa aliyeokolewa. Akawa mwalimu. Mwaka 1843 aliwekewa mikono London kuwa mchungaji. Hayo tunayapita haraka, si kwamba ni madogo, lakini siyo yaliyotukamata.

Lililotukamata ni hili. Mwezi wa Januari 1844, huko Freetown, aliombwa kuhubiri katika Kiyoruba, mbele ya watu wengi wa taifa lake waliookolewa kama yeye. Miaka zaidi ya 20 alikuwa ameomba na kufundisha kwa Kiingereza. Alisimama, na baadaye alikiri kwamba alijisikia kama mtoto mchanga anayeanza kusema, ingawa ile ilikuwa lugha ya mama yake. Sisi watatu, tunapokutana hapa mjini, tunasema Kiswahili tu. Lugha ya kijiji tunaitumia kwa mizaha na kwa kuimba matanga. Kuna mmoja wetu hawezi tena kusali Baba Yetu ndani yake mpaka mwisho. Hatumtaji, naye anajijua.

Basi kanisa lake lilimtuma kwao. Mwezi wa Januari 1845 alifika Badagry, mji wa pwani, pamoja na Henry Townsend na Charles Gollmer. Walikotaka kwenda ni Abeokuta, mji ulioanzishwa karibu mwaka 1830 na watu wa Egba waliokimbia vita, wakajificha penye jiwe kubwa. Na jina lenyewe maana yake ni chini ya jiwe. Mji wa wakimbizi! Waliookolewa na kuishi Sierra Leone walikuwa wameanza kurudi huko wenyewe kwa wenyewe. Kutoka Badagry mpaka Abeokuta ni karibu kilomita 100. Lakini Sodeke, mkubwa wa mji aliyeahidi kuwapokea, alikuwa amekufa, na njia zilifungwa na vita. Walikaa pwani mwaka mmoja na nusu. Mwaka mmoja na nusu, kwa kilomita 100! Wakahubiri hapo hapo Badagry, wakajenga, wakafundisha watoto. Sisi tulikataa kwa ajili ya mvua ya wiki mbili.

Mwaka 1846 njia ilifunguka, wakaingia Abeokuta.

Na Osogun? Osogun ilikwisha kuchomwa. Nyumba ya baba yake haikuwako. Baba mwenyewe alikuwa amekufa katika vita nyingine, siku nyingi. Wapendwa, tunaposema mtu amerudi nyumbani tunafikiri mlango, mwembe, kaburi la babu. Huyu hakukuta hata kimoja. Hili lilitusumbua sana, kwa sababu katika mawazo yetu tulikuwa tunarudi kudai: shamba hili ni letu, mtaro huu alichimba baba. Yeye alirudi mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kudai.

Tarehe 21 Agosti 1846, mama yake alikuja. Habari zilikuwa zimemfikia katika kijiji alichokaa, karibu na Abeokuta, kwamba mwanawe yuko mjini, naye akaja na ndugu mmoja wa kiume. Miaka 25 ilikuwa imepita. Mwana aliandika katika daftari yake ya kazi kwamba mama alipomwona alitetemeka, hakuamini macho yake. Walishikana, wakatazamana bila kusema neno, na machozi makubwa yalishuka katika mashavu ya mama yaliyokonda. Kisha mama alianza kumwita kwa yale majina ya utoto, ambayo bibi alikuwa anamwita. Bibi huyo alikwisha kufa katika utumwa. Hawakuweza kusema mengi. Walikaa tu, wakatazamana tena. Neno la siku ile katika kalenda yake ya kanisa lilihusu Mungu anayewasaidia yatima. Mtalipata katika Zaburi ya 10.

Mchungaji huyu alikuwa ametumwa na vitabu, na barua, na maagizo kutoka London. Siku ile hakuhubiri. Alikaa karibu na mama yake kimya.

Tena hakumharakisha. Tangu siku ile mpaka mama alipobatizwa, tarehe 5 Februari 1848, ni karibu miezi 18. Mama alikuwa katika watu wa kwanza waliobatizwa Abeokuta. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Afala, na katika ubatizo alipewa jina Hana. Wenye Biblia wanacheka kwa furaha hapa. Someni 1 Samweli, sura ya 1: Hana ni mama ya Samweli! Mtoto alipewa jina Freetown na watu wasiomjua mama yake. Mama akapewa lake miaka 22 baadaye. Aliishi mpaka mwaka 1883, akamwona mwanawe kuwa askofu tangu 1864, Mwafrika wa kwanza katika kanisa la Anglikana. Mwisho wa maisha yake, wageni vijana walimnyang'anya mzee yule mamlaka ya kazi aliyoijenga, naye akafa tarehe 31 Desemba 1891 na uchungu huo. Juu ya jambo hilo kanisa kama letu lina mengi ya kusema, lakini si leo.

Sisi wa Kongo tunajua pia kwamba si kila aliyechukuliwa anarudi akiwa hai. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, miaka 100 barabara baada ya Ajayi, akafa gerezani Élisabethville, ndiyo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Nkamba ilipokea mifupa yake mwaka 1960. Sisi tuna miguu, tuna afya, na wazee wametulipia nauli.

Sasa turudi kwa Yusufu. Angalieni anachofanya mbele ya kuwapa ndugu zake ngano na magari. Anawatoa nje watu wote wa Misri. Hataki wageni wasikie kosa la ndugu zake. Anawaambia wasogee karibu. Analia kwa sauti. Hafichi kwamba waliuza. Analisema neno lenyewe la kuuza, wazi. Kwa hiyo wale wanaotuambia, msahau tu, ni zamani, hatukubaliani nao. Yusufu hakusahau. Crowther aliandika kila kitu, farasi, tumbako, kamba ya shingo, kisha akaenda kuwafundisha kusoma watoto wa inchi ileile.

Kati ya watu waliokaa chini ya mahubiri yake, bila shaka wako waliowahi kukamata watoto wa wengine. Alijua. Utumwa ulikuwa bado unaendelea katika inchi ile alipokuwa anahubiri.

Tumewaambia wazee ndiyo. Tunawaomba mtuombee jambo moja waziwazi: yuko mtu kule, tunajua jina lake na mlango wake, na atakuja katika ibada ya kwanza kwa sababu kijiji kizima kitakuja. Hatujui kama mkono wetu utakubali kumpa mkono. Mmoja wetu amesema atampa. Wawili bado tunaomba, na safari hii tunaomba kweli. Katika maombi ya asubuhi tunafunga siku tatu, na tunajifunza upya Baba Yetu katika lugha ya kijiji. Mama mmoja mzee wa parokia, aliyeolewa huku mbele ya vita, anatusahihisha. Anatucheka sana.

Tunaondoka Jumatano, Mungu akipenda, kwa lori mpaka mtoni, kisha kwa miguu. Wenye jamaa kule walete barua, nguo na chumvi kwa mashemasi mbele ya ibada ya Jumapili, jina la mwenye kupokea liandikwe wazi. Na wenye kuwa na neno gumu na mtu wa kule, walete nalo pia, tutalibeba.

Amina.