Utulivu wa Pwani ni wa Nani?

Je, mgeni aendaye ufukoni kuogelea ana wajibu gani kwa wenyeji wake? Wengi hujibu kwamba bahari haina mwenyewe; basi aogeleaye humo hamdai mtu wala hadaiwi. Jawabu hili laonekana sahihi, lakini na tulipime kwa mfano wa Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja.

Huko mwamba wa matumbawe huzuia mawimbi makubwa, na ndani yake maji ni matulivu, kina chake kifupi. Pepo za kusi na kaskazi huvuma kwa nguvu. Kwa hiyo wageni hufika kuogelea, na wengine kuteleza juu ya maji kwa ubao, wakivutwa na tiara. Lakini tangu mwaka 1989 wenyeji, wengi wao wanawake, wamekuwa wakilima mwani humo humo. Maji ya bamvua yatokapo, huenda mbali kufunga miche kwenye kamba zilizoshikwa na vigingi. Maji yajaapo, shamba hutoweka machoni. Mgeni huona bahari tupu.

Hapo ndipo penye hoja. Kisichoonekana si kisichokuwapo. Bahari yaweza kukosa mwenyewe, lakini jasho lililomo lina wenyewe. Ubao ukikata kamba, kazi ya majuma kadhaa hupotea.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakumkataza mgeni starehe. Walitaka ujio wake uwe na nafuu kwa aliyemkaribisha. Basi na aulize kwanza mashamba yako wapi, ndipo aingie majini. Asiyeuliza hilo hastahili kuitwa mgeni.