Moto wa Juu na Moto wa Chini

Masomo: Hosea 7:4–8, Luka 13:20–21, Yohana 21:9–15



Nabii Hosea alipotaka kuwakemea watu wa Efraimu hakwenda mbali kutafuta mfano. Aliingia jikoni. Katika sura ya saba anawafananisha kwanza na tanuru iliyowashwa na mwokaji, kisha anawafananisha na mkate uliowekwa motoni upande mmoja, asitokee mtu wa kuugeuza. Kila mama asomaye gazeti hili anaujua mkate huo. Chini umekuwa mkaa, juu ungali unga mbichi. Ukiutazama kwa chini utasema umeiva kupita kiasi. Ukiutazama kwa juu utasema haujaonja moto. Yote mawili ni kweli, na mkate hauliki.

Tunaandika juu ya mkate huo kwa sababu mbili zilizotufikia katika juma moja. Moja ni ya jikoni na nyingine ni ya kanisani. Mtuwie radhi tukianza na ya jikoni, maana sisi tuliofundisha sayansi kimu katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi tumezoea kupitia huko.

Mabinti wa kwaya walitujia na simu yenye picha ya piza, si ile nyembamba ambayo wengi wameiona Mbeya, bali nene, iliyookwa katika chombo chenye kina kama sufuria. Wakauliza kama yawezekana kuipika hapa Vwawa, nyumbani, pasipo oveni, kuanzia unga mkavu hadi mezani. Tukawajibu yawezekana. Sababu ya pili ni pendekezo lililo mbele ya Halmashauri ya Parokia: kwa kuwa Baba Askofu anatazamiwa kufika mapema kuliko tulivyodhani, darasa la kipaimara, ambalo lilipangwa kuwa la miezi tisa, lifupishwe liwe la Jumamosi nne.

Piza ya namna hii sifa yake ilitoka Chicago, Marekani, mji uliopokea wahamiaji wengi kutoka Italia. Mkahawa uitwao Pizzeria Uno ulifunguliwa huko mwaka 1943, na watu hupenda kuuhesabu kuwa ndiko ilikoanzia, ingawa wenyeji bado wanabishana ni mkono wa nani uliokanda ile ya kwanza. Ile iitwayo piza ya Zanzibar, inayokaangwa Forodhani jioni, ni kitu kingine kabisa. Ni tamu, lakini haina hamira wala haingoji mtu.

Mahitaji yake hayatishi. Kwa sufuria yenye upana wa sentimita 30 hivi, twaa unga wa ngano nusu kilo, na vijiko vinne vya kula vya unga wa mahindi. Msishangae, wapishi wengi wa huko Marekani hutia unga wa mahindi ili ukoko uwe na mkwaruzo kidogo mdomoni, na sisi wa Mbozi hatuna haja ya kufundishwa mahindi. Tia hamira vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kimoja, chumvi kijiko kimoja, mafuta vijiko vinne vya kula, na maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na robo. Maji yapimwe kwa mkono kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Hamira ni viumbe hai, vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji ya moto sana huviua, na baada ya hapo hata ungesali usiku kucha donge halitaumuka.

Kisha kukanda, dakika kumi kamili kwa saa, si kwa kukisia. Mwanzoni donge hushika vidole na kuraruka. Likiendelea kukandwa hupata uzi, huvutika bila kukatika, na uzi huo ndio utakaoizuia hewa ya hamira isitoroke. Lipakwe mafuta, lifunikwe kwa kitambaa, liachwe. Dar es Salaam saa moja yatosha. Hapa kwetu, mwezi wa Juni na Julai, wakati baridi inapotufanya tusali na makoti, huenda likataka saa mbili na zaidi, hata likiwekwa karibu na mafiga. Wanafunzi wetu chuoni walikuwa na desturi ya kufunua kitambaa kila baada ya dakika tano kuangalia kama limeumuka. Tuliwaambia kwamba kufunua nako ni kupoza.

Likisha kuwa maradufu, litandazwe katika sufuria iliyopakwa mafuta vizuri, na kingo zipandishwe ubavuni kama vidole viwili vya urefu. Hapo wageni hushangaa, maana mpangilio ni kinyume cha piza nyembamba. Jibini hutangulia, juu ya unga. Halafu nyama ya kusaga iliyokwisha kuiva, vitunguu, pilipili hoho. Nyanya, zilizopondwa na kupikwa hadi maji yakauke, huja mwisho, juu kabisa. Sababu ni moto. Kitu kinene hukaa motoni muda mrefu, na jibini ikiwekwa juu itaungua kabla unga wa chini haujaiva. (Jibini hutengenezwa katika nyanda zetu hizi hizi za juu, Njombe na Iringa, ila bei yake si ya kila Jumamosi. Nyumba nyingi zitatia kidogo, au zitatumia mayai na maharage yaliyopondwa, nasi hatuoni aibu katika hilo.)

Sasa tumefika penye somo la Hosea. Chapati hugeuzwa. Maandazi hugeuzwa. Lakini kitu kinene, chenye kina, kilichobeba vitu ndani yake, hakigeuki. Ukijaribu kukigeuza utamwaga vyote. Basi bibi zetu walifanyaje walipooka keki za Krismasi na mikate ya sufuria bila oveni? Waliweka makaa machache katika jiko, wengine wakatanguliza mchanga katika sufuria kubwa ili moto usimguse mkate moja kwa moja, kisha wakafunika kwa bati, na juu ya bati wakapanga makaa mengi. Makaa mengi juu, machache chini. Mpishi mwenye pupa hufanya kinyume. Njaa ikimzidi huchochea chini, kwa sababu chini ndiko alikozoea kuchochea, na baada ya robo saa nyumba nzima inanuka kuungua, wakati katikati ya mkate ungali ujiuji. Ukifuata taratibu, huchukua dakika 40 hivi, na nyingine kumi za kuacha itulie kabla ya kisu.

Ndugu wapendwa, tumewaza sana juu ya bati lile la makaa tangu tulipolisikia pendekezo la Jumamosi nne. Tunataka kuwatendea haki waliolileta. Wanasema Baba Askofu hafiki kila mwaka, na dayosisi ni pana. Wanasema msimu wa kahawa na mavuno ya mahindi huwaondoa watoto darasani hata hivyo. Wanasema wazazi wengi hushinda Tunduma mpakani, huondoka kabla ya mapambazuko na kurudi usiku, na hawana mtu wa kuwaleta watoto kanisani miezi tisa. Wanasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba viko vikundi vyenye vipaza sauti hapo barabarani vinavyowaahidi vijana upako kwa jioni moja, na tukichelewa tutawapoteza. Hoja hizo si za kijinga. Mpaka wa Tunduma unalisha nyumba nyingi za wakristo wa parokia hii, na ndio unaoleta sehemu ya sadaka zetu.

Tena Maandiko yenyewe yanaujua mkate wa haraka. Waisraeli walitoka Misri na donge ambalo halijatiwa chachu, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kungoja (Kutoka 12). Wageni walipofika ghafla penye mialoni ya Mamre, Ibrahimu alikimbia hemani kumhimiza Sara akande unga upesi (Mwanzo 18). Huo ni mkate wa safari na wa dharura, nao ni mtakatifu. Ndiyo maana makanisa mengi hutumia mkate usiotiwa chachu katika Ekaristi hadi leo, ingawa Kitabu cha Sala cha Uingereza cha mwaka 1662 kiliona yatosha kutumia mkate wa kawaida wa mezani, mradi uwe wa ngano safi. Kama kungekuwa na vita, au njaa, au kama Baba Askofu angekuja mara moja tu katika maisha ya mtoto, sisi tungekuwa wa kwanza kusema: Jumamosi nne zatosha, Mungu atajazia.

Lakini hatumo katika dharura. Tumo katika usumbufu, na hayo ni mambo mawili. Yule mwanamke wa Luka 13 alichukua pishi tatu, unga mwingi mno kwa nyumba moja. Wataalamu wa Maandiko hukadiria kwamba mkate wake ungewatosha watu mia moja hivi. Ukubwa wa karamu haukumfanya apunguze muda. Alitia chachu, na Bwana wetu anasema ilikaa humo mpaka unga wote ukapatwa nayo. Hasemi ni saa ngapi. Anasema wote.

Tumewasikiliza watoto waliopitishwa katika mafundisho ya mbio. Majibu ya Katekisimo wanayo yote, mfululizo, bila kukosea, kama mtu anayesoma namba za mabasi. Ukimwuliza mmojawao sala anayosali mwenyewe akiwa na hofu, anatazama chini. Sisi walimu tunaujua moto wa namna hiyo, kwa kuwa ndio tuliokuwa tukiuchochea: mtihani, ratiba, jina kusomwa mbele ya watu. Moto wa chini una kazi yake, wala hatusemi uzimwe. Mtoto asiyejua Amri Kumi hawezi kuzitii. Lakini moto wa juu hauwashwi kwa siku nne. Huo ni neema ya Mungu, na neema, kwa kadiri tulivyoona, hupenda kumfikia mtoto kwa njia za taratibu: kukaa kanisani Kwaresima nzima hadi Pasaka, kwenda na mzee wa kanisa kumpelekea mgonjwa Komunyo, kumwona baba yake akipiga magoti, kusikia ugomvi wa kwaya ukipatanishwa. Katika miezi tisa mwaka wa Kanisa huzunguka karibu wote. Katika Jumamosi nne mtoto hata Jumapili ya Matawi huenda asiione.

Tazameni viti vya vijana katika Jumapili ya kawaida, si ya Pasaka wala ya Krismasi. Wale tuliowaombea kwa haraka, wakavishwa nguo nyeupe na kupigwa picha, wengi wao wako wapi? Baadhi wako barabarani penye vipaza sauti. Hawakwenda huko kwa sababu tuliwachelewesha.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili, nayo tumeyaweka kwa maandishi mbele ya Halmashauri. Kwanza, Baba Askofu aelezwe hali ilivyo bila kuficha. Waliotimiza mafundisho waletwe mbele yake, hata wakiwa wachache, na wengine wangoje ziara nyingine au wapelekwe parokia jirani wakati wao ukifika. Kuandikisha arobaini ili kitabu kipendeze si kumheshimu Askofu. Pili, darasa liwafuate watoto waliko. Wale ambao wazazi wao wako mpakani na ambao chakula chao cha jioni ni chipsi mayai ya barabarani, wapate nyumba ya mkristo ya kukutania mara moja kwa juma, wajifunze, wasali na wale pamoja. Nyumba sita zimekwisha kujitoa. Zinatakiwa nyingine nne.

Katika hilo la kula pamoja hatukubuni kitu. Baada ya kufufuka, Bwana wetu aliwangojea wanafunzi wake ufukweni mwa bahari, na Yohana anatuambia kwamba walipofika nchi kavu walikuta makaa ya moto, na samaki, na mkate. Petro alikuwa na deni kubwa siku ile. Alikuwa amemkana Bwana mara tatu, naye pia akiota moto wa makaa. Mwalimu mwenye pupa angeanza na swali. Yesu alianza na chakula, na Yohana ameliandika jambo hilo kwa uangalifu: swali juu ya upendo lilikuja walipokwisha kula.

Mabinti wa kwaya na vijana wote wa darasa la kipaimara watakutana nyuma ya kanisa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana. Kila kundi lilete sufuria nzito yenye mfuniko wa bati, unga wake, na mkaa. Hamira tutaleta sisi. Waje mapema, kwa kuwa donge litawekwa saa nane na nusu na halitatiwa motoni kabla ya saa kumi na nusu, na katika kungoja hapo Padre atafundisha Sala ya Bwana, kifungu kwa kifungu. Halmashauri itakaa Jumapili inayofuata, baada ya ibada ya pili. Wazazi wenye watoto darasani wana haki ya kusikilizwa, nao watengewe nafasi ya kusema kabla ya kura.