Wa Nani?

Anayefungua nyaraka za kale kumtafuta baba wa babu yake huwa amekwisha kuamua, hata kama mwenyewe hajijui, kwamba haki ya walio hai kujua ni kubwa kuliko haki ya wafu kusitiriwa. Sina yakini kwamba haki hiyo tumepewa bila ya masharti. Nitautolea mfano ukoo wangu mwenyewe, na majina nimeyazuia.

Babu mzaa baba yangu alizaliwa na mtu ambaye alikuwa kijana wa miaka ipatayo 15 pale Sayyid Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyouondolea utumwa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba. Amri ile haikusema kuwa kila mtumwa ni huru kuanzia leo. Ilimtaka aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, na bwana aliyethibitisha kuwa alimmiliki kihalali alilipwa fidia. Aliyeachwa huru naye alitakiwa aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo ahesabiwe mzururaji. Karatasi za shughuli hiyo, kwa hiyo, ziliandikwa kwa haja ya fedha. Jina la bwana liliandikwa kwa uangalifu, kwa kuwa ndiye mlipwaji. Jina la baba halikuwa na malipo.

Katika karatasi inayomhusu mzee wetu limeandikwa jina lake, kisha "wa", kisha jina la bwana. Katika kazi ya kufasiri nimekutana na maneno magumu mengi, lakini sijapata kutaabishwa na neno kama hili lenye herufi mbili. Kwa Kiswahili cha pwani, Feruzi wa Salim aweza kuwa mtoto wa Salim, na aweza kuwa mtumwa wa Salim. Mwenye kuandika Kiarabu angelazimika kuchagua: ama aweke "bin", ama asiweke. Lugha yetu imeuacha umiliki na uzazi vilale kitanda kimoja, na mara nyingi ndivyo vilivyokuwa vikilala.

Wapo katika ukoo wanaolichukua "wa" hilo kuwa ni la uzazi. Bwana yule alikuwa na mashamba ya mikarafuu, na babu wa namna hiyo hupendeza kutajwa penye posa. (Watunzi wetu wa tenzi nao hupenda kujitaja mwishoni kwa jina, baba na kabila, ni mtindo mzuri kwa aliye nayo yote matatu.) Lakini tuifuate sheria ya zama zile. Suria akimzalia bwana wake, mtoto alizaliwa huru na alirithi sawa na ndugu zake wa mke wa ndoa. Mama hakuuzwa tena, na bwana akifa naye huwa huru. Hayo hayakuwa maneno ya vitabuni tu. Majid na Barghash, waliomrithi Sayyid Said bin Sultan Unguja, walikuwa wana wa masuria, na Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, aliandika waziwazi kwamba mama yake alikuwa suria Mcherkesi. Hata amri ya 1897 iliwatenga masuria ikawahesabu kama wake, mpaka sheria ya 1909 ilipowafikia. Basi mtoto aliyekubaliwa na bwana hangetokea kabisa katika karatasi ya fidia. Mzee wetu ametokea.

Hapo wengi hulifunga daftari: si mwanawe. Mimi naona ndipo swali linapoanza. Kitanda hakizai haramu, ndivyo tulivyofunzwa, na fiqhi inasema vivyo hivyo, mtoto ni wa mwenye kitanda. Ila kitanda cha mjakazi hakikuthibiti kwa ndoa ya bwana. Kilithibiti kwa kauli yake. Akikiri, mtoto ni mrithi. Akinyamaza, mtoto ni mali. Karatasi, basi, haiwezi kumpambanua mtu asiyekuwa baba na baba aliyekana. Na ikiwa alikuwa huyo wa pili, mkono uliopokea fidia ulipokea thamani ya damu yake mwenyewe. Huyo ndiye tunayemgombea?

Baadaye, katika hati ya ndoa, mzee anaitwa bin Abdallah. Ndilo jina walilopewa wengi ambao baba zao hawakujulikana, maana kila mtu, awe sultani au hamali, ni mtumwa wa Mungu. Lakini Abdallah ni jina la mtu wa kawaida pia. Huenda palikuwa na Abdallah mchuma karafuu, mume wa mjakazi yule, aliyemlea kijana na kumwita mwanangu, ilhali kwa sheria mtoto alifuata utumwa wa mama yake. Nasi kwa wingi wa elimu yetu tumemgeuza kivuli. Abdallah huyu hunisumbua kuliko mwenye mashamba. Suratul Ahzab imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, na wasipojulikana, basi ni ndugu zetu katika dini. Sioni humo ruhusa ya kuzua baba.

Sensa hazisaidii, ila kwa njia ya mzunguko. Majedwali yaliyochapishwa yana mafungu, hayana majina. Lakini ukiiweka sensa ya 1924 kando ya ile ya 1931, utaona fungu la "Waswahili" limeporomoka kwa maelfu mengi ndani ya miaka saba. Watu hao hawakufa, walihama kabila. Neno Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na kujiandikisha kwa jina jingine kulikuwa ni kujichagulia babu. Baada ya 1964 upepo ukageuka, na wapo waliomsahau babu wa Maskati kwa kasi ileile waliyompatia.

Shangazi yangu, aliyepita miaka 80, huniambia: "Mwanangu, aliyesitiriwa na Mungu usimvue wewe." Namheshimu, lakini namuuliza sitara hiyo ni ya nani. Ikiwa ni ya mama yule, nafunga mdomo. Ikiwa ni ya bwana, amekwisha kusitiriwa zaidi ya karne, na walioilipia sitara yake ni mama na mwana. Mpwa wangu aliye masomoni ughaibuni anataka tupime vinasaba. Kipimo cha upande wa kiume chaweza kuashiria mbegu ilitoka bara au Uarabuni. Hakitasema kama kijana aliwahi kuitwa mwanangu.

Jina la mama halimo katika karatasi yoyote niliyoiona. Shangazi huyohuyo analo, na kila hitma hulitaja kwanza.

Katika shajara ninayowaandikia wanangu nimeandika jina la mzee, bin Abdallah, kama alivyojiita, bila ya alama ya kuuliza. Juu ya Abdallah pameachwa peupe. Mahali pa mama nimeweka jina alilonipa shangazi. Bwana yumo katika ukurasa mwingine, pamoja na fidia aliyopokea.