Mwenye Kumdai Marehemu

Mtu akifariki hapa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, ua wa nyumba yake hujaa kabla jua halijazama upande wa ziwa. Ikiriyo, mkusanyiko wa msiba, hakina kadi ya mwaliko. Huyu anakuja na viti, yule na gunia la mkaa, vijana wanafunga turubai wakigombana kidogo juu ya kamba. Siku chache baadaye inakuja guca ku mazi, ya kufunga siku za kwanza za msiba, kisha, mara nyingi baada ya mwaka, kuganduka, siku ya kuondoa tanga kabisa, na wafiwa wanaruhusiwa tena kwenda kwenye harusi na ngoma. Kila mara yupo mzee atakayesimama kueleza marehemu alikuwa mwana wa nani na aliishi vipi na watu. Kwa Waislamu wa mtaa wa Buyenzi kuna jambo la ziada ambalo mimi nalipenda kuliko hotuba zote: kabla ya mazishi, msemaji wa familia hutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze.

Nautaja utaratibu huu kwa sababu ya deni la kelele za London, yaani muziki wa panki.

Mwaka 1967 watafiti wawili Wafaransa, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walirekodi muziki katika milima ya Burundi, zikiwemo ngoma za kifalme. Ufalme wenyewe ulikuwa umekwisha kufutwa: Kapteni Micombero alimpindua Mwami Ntare wa Tano tarehe 28 Novemba 1966. Ngoma zilizokuwa zikitangaza kuamka kwa mwami na kufungua msimu wa mtama siku ya umuganuro zilibaki bila bwana, na mwaka mmoja baadaye zikawekewa kinasa sauti. Santuri ilitolewa Ufaransa na lebo ya Ocora mwaka 1968. Mwaka 1971 mtu mmoja akaongezea gitaa na kinanda juu ya mapigo yale na kuuza kazi hiyo kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell akayaweka mapigo hayohayo chini ya wimbo wake mmoja.

Halafu wakaja vijana wa panki. Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa kundi la Sex Pistols, alimsikilizisha mwimbaji Adam Ant mapigo ya Burundi. Punde akamnyang'anya wanamuziki wake na kuunda nao kundi la Bow Wow Wow. Adam hakukata tamaa. Aliajiri wapiga ngoma wawili badala ya mmoja, na albamu yake ya mwaka 1980, Kings of the Wild Frontier, ikamfanya nyota. Bow Wow Wow nao mwaka huohuo walitoa wimbo kwenye kaseti, wa kusifia raha ya kunasa muziki wa wengine nyumbani bila kulipa. Sijui kama kuna aliyecheka. Muziki uliojisifu kwa kunakili bure ulikuwa umesimama juu ya mapigo ya wanaume wa milimani kwetu, ambao dunia nzima iliwasikia pasipo kujua jina la hata mmoja wao.

Kuna jibu la haraka kwa lawama hii, nalo ni la haki, tusiliruke. Hata Burundi mpiga ngoma hakuwa nyota. Aliyekuwa na jina ni ngoma: Karyenda iliyobeba ufalme, Ruciteme na Murimirwa za Gishora karibu na Gitega. Watu walikuwa mikono yake. Tazama wanavyocheza hadi leo: amashakwe wanashikilia pigo lisilokatika, ibishikizo wanafuata, na katikati inasimama inkiranya, ngoma ya kuongoza. Mmoja anaruka mbele, anaipiga inkiranya, anatamba, kisha anarudi kwenye nusu duara na mwingine anaingia. Zamu haina mwenyewe. Wapenzi wa panki wakisikia hili watasema ndiyo imani yao: jukwaa si la mwenye kipaji tu, aliye chini apande, aliye juu ashuke.

Ila kutotajwa kwako ukiwa kwenu hakufanani na kutotajwa ukiwa ugenini. Mlimani, mpiga ngoma hakuhitaji kuandikwa, kwa kuwa kila aliyekuwepo alimjua yeye, baba yake na ng'ombe wa baba yake. Siku ya kufa kwake palikuwa na mzee wa kusimama. Sauti yake ilipovuka bahari peke yake, wale waliokuwa wakimjua hawakuvuka nayo. Wenye kinasa sauti wametajwa, wenye gitaa wametajwa, mwenye mikono amebaki kuwa "Burundi". Nchi nzima imegeuzwa jina la mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo heshima inapogeuka kuwa njia ya kukwepa deni.

Hatuhitaji kwenda London kuliona jambo hili. Ukiendelea na barabara ya Rumonge kupita Ruziba utafika Mugere, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya wasafiri Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Watoto wa shule hupelekwa kulipiga picha. Makasia yaliyowaleta kwa njia ya ziwa hayakuvutwa na wazungu hao wawili, wala mizigo haikutembea yenyewe. Jiwe lina nafasi ya kutosha, nimelitazama.

Nasema haya bila chuki na panki. Kuna waliorudisha kitu: mwaka 1982, tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza liliwaita wapiga ngoma wa Burundi wenyewe, nao wakapanda jukwaani pamoja na Echo & the Bunnymen, kundi lililozaliwa na wimbi hilohilo. Walionekana, walishangiliwa, walipata mahali pao wenyewe.

Na upo mfano wa Nairobi. Crystal Axis ni vijana Wakenya wa panki, na wimbo wao mmoja unaitwa Nyayo House, jengo la serikali ambalo katika vyumba vyake vya chini ya ardhi wapinzani wa utawala wa Rais Moi waliteswa miaka ya 1980. Waimbaji hao ni wa kizazi kilichokuja baadaye. Wangeweza kuimba mapenzi na pombe, wasingelaumiwa. Walichagua kusimama mahali pa yule mzee wa matanga, kwa magitaa, mbele ya ukumbi mdogo wa watu wanaosukumana na kuinuana wakianguka. Sauti yao ni kali mno kwa masikio yangu. Kazi yao naitambua.

Kwetu serikali nayo imeamua kuilinda ngoma. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu, na mwaka 2017 amri ya rais ikawakataza wanawake kuipiga, ikataka makundi yajiandikishe na kulipia ruhusa ya kupiga nje ya sherehe rasmi. Daftari la wizara lina majina sasa. Lakini ni majina ya wanaotakiwa kulipa, na orodha ya wadaiwa haijawahi kuwa kumbukumbu ya mtu.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 aliporekodiwa mwaka 1967 sasa anakaribia 80. Bila shaka wengi wao wamekwisha kuzikwa, na huenda mmoja au wawili bado wanaota jua mbele ya nyumba zao. Gitega iko kiasi cha kilomita 100 tu kutoka hapa. Santuri imewekwa kwenye intaneti, simu ya kijana yeyote wa Ruziba inaweza kuicheza. Mtu aipeleke kule juu, awawekee wazee na wajane, awaulize nani huyu anayeingia sasa, na aandike wanachojibu.