Hamsini Mara Kumi na Nne

Tuseme ni saa moja jioni mtaani Kayole, upande wa Eastlands jijini Nairobi, ndani ya saiba iliyobanwa kati ya kinyozi na duka la M-Pesa. Msichana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana anaandika programu ya Python yenye mistari miwili. Kaka yake ni kondakta wa matatu ya abiria 14, na msichana amechoka kumwona akipiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la kioo. Mstari wa kwanza unauliza nauli. Wa pili unaizidisha nauli hiyo kwa 14. Anaandika 50, anabonyeza, anangoja 700. Skrini inamletea 5050505050505050505050505050.

Kwanza anacheka. Kisha hacheki. Hakuna maandishi mekundu, hakuna onyo lolote. Kompyuta imetoa jibu hilo bila hata haya. Anamgeukia kijana wa meza ya pili, ambaye pale saiba kila mtu humwita msee wa kompyuta.

“Buda, cheki hii kitu. Nimeiambia izidishe, inaniimbia.”

Kijana anainama, mkono wake unapita juu ya bega la msichana, unagonga herufi tatu na mabano mawili: int. Zimepita sekunde nne. Sasa ni 700. “Ni hivyo tu,” anasema, na kurudi kwenye mechi yake.

Msaada umetolewa na umepokelewa kwa shukrani. Lakini msichana huyu, anapolipa dakika zake na kushuka ngazi, anajua nini ambacho hakukijua saa moja iliyopita?

Kilichotokea ndani ya mashine si siri. Chochote kinachoandikwa kwenye kibodi kujibu swali la input, Python hukipokea kama maandishi, hata kikiwa na sura ya nambari. Na lugha hiyo, aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, imeipa alama ya nyota kazi mbili: kati ya nambari mbili huzidisha, kati ya maandishi na nambari hurudia. Kwa hiyo haikukosea. Iliombwa kulirudia neno lenye herufi “5” na “0” mara 14, ikalirudia. Neno int hugeuza maandishi kuwa nambari kamili, na hapo ndipo nyota inapobadilisha kazi. Maelezo hayo yanachukua dakika moja. Msichana hakupewa dakika hiyo. Alipewa herufi tatu.

Plato aliliona fumbo hili katika mazungumzo yake yaitwayo Meno. Anayeijua njia ya kwenda mji wa Larissa atakufikisha. Asiyewahi kuipita, lakini ana dhana sahihi kuihusu, naye atakufikisha. Basi ujuzi unaizidi nini dhana sahihi? Mtu wa Eastlands angeliuliza kwa njia yake. Mgeni aliyeambiwa ashuke Mutindwa, avuke, aingie Umoja, atafika, awe ameelekezwa na mzaliwa au na mpita njia aliyesikia hivyo jana. Tofauti itajulikana siku barabara itakapochimbwa kwa ajili ya bomba la majitaka. Jibu la Sokrate katika mazungumzo hayo liko karibu na hapo: dhana sahihi ni kama zile sanamu za Daedalus, fundi wa hekaya za Kigiriki, zilizosemekana kuwa hai kiasi cha kutoroka zisipofungwa kamba, na kamba yenyewe ni kujua sababu.

Ile int haikufungwa. Wiki ijayo msichana ataongeza mafuta kwenye hesabu. Bei ya lita nchini Kenya hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi, tena kwa shilingi na senti. Akiandika 180.66, int itagoma: ile nukta haimo katika nambari kamili. Anayejua sababu ataona mara moja kwamba hapa anahitaji float, ya nambari zenye nukta. Aliyepewa herufi tatu atarudi saibani akisema ile dawa imeisha nguvu.

Kuna kisa kingine ambacho vijana wa Majengo na Eastleigh wangekielewa kuliko cha Larissa, maana kinahusu wizi. Anakisimulia Tajuddin al-Subki, mwanahistoria wa wanazuoni wa madhehebu ya Shafii. Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, alikuwa kijana akirudi kwao kutoka masomoni Jurjan. Njiani msafara ukavamiwa na wanyang’anyi. Walichukua kila kitu, na ndani ya mfuko wake mlikuwa na noti za masomo yote. Akawafuata akiwasihi: wabaki na mali, wamrudishie karatasi, kwa kuwa ndimo ilimo elimu yake. Mkuu wao akacheka. Itakuwaje ujidai una elimu, alimwambia kwa maana hiyo, nasi tumekupokonya mfuko ukabaki hujui kitu? Akarudishiwa. Al-Ghazali aliyachukulia maneno ya jambazi kama ujumbe uliotumwa kwake, na alipofika Tus alikaa miaka mitatu akihifadhi kila alichokuwa amekiandika.

Eastlands ina wanyang’anyi wake, na wengine hawana hata miguu. Simu yenye majibu yote inaweza kwenda kwa sekunde moja kupitia dirisha la matatu. Bando linaisha. Stima inapotea kabla mtu hajahifadhi faili. Kila moja ya hayo humwuliza mwanafunzi swali la yule jambazi.

Hata hivyo kisa hicho hakimalizi ubishi, na ni vizuri kutokimeza kizima. Kuhifadhi noti ni kuzihamisha kutoka mfukoni hadi kichwani. Anayekariri kwamba “baada ya input weka int” bado yuko Larissa kwa dhana. Al-Ghazali mwenyewe aliendelea mbele ya hapo. Katika kitabu cha uzeeni alichosimulia safari yake ya kutafuta yakini, anasema aliona watoto wa Wakristo wakikua Wakristo, wa Wayahudi wakikua Wayahudi, wa Waislamu wakikua Waislamu, na akaanza kujiuliza imani aliyoipokea kwa kuiga inasimama juu ya nini. Neno la kuiga huko ni taqlidi. Wanazuoni wa elimu ya itikadi walibishana kwa karne nyingi kuhusu imani ya mwenye taqlidi. Wapo walioikubali. Wapo walioikubali lakini wakasema ana dhambi ya kuacha kuchunguza ikiwa anaweza. Wachache waliikataa kabisa. Wakati huohuo, katika mambo ya sheria, wengi walimruhusu mtu wa kawaida amfuate mwanachuoni bila kudai dalili ya kila fatwa, maana soko lingefungwa kila mtu akienda kusoma.

Ukitazama vizuri, programu yoyote imejaa taqlidi halali. Anayeandika import math halafu akaomba kipeuo cha pili hajathibitisha chochote. Amemwamini mtu asiyemjua. Hata kijana wa meza ya pili hajui jinsi nambari inavyokaa kwenye kumbukumbu ya mashine, wala hahitaji. Na yapo makosa ambayo hayastahili falsafa. Msimbo ulionakiliwa kutoka noti za PDF mara nyingi huja na alama za kunukuu zilizopinda badala ya zile zilizonyooka. Python huzikataa, na jicho la mgeni halioni tofauti. Hapo mwambie tu azifute aziandike upya. Kumzungusha mtu kwa maswali kuhusu alama ya kunukuu ni ukatili wa aina yake, hasa mahali ambapo saiba hulipwa kwa dakika.

Kwa hiyo suala ni mstari upitishwe wapi.

Kamukunji, umbali wa nauli moja kutoka Kayole, kuna hoja inayompinga Sokrate waziwazi. Mafundi wa jua kali hutengeneza masanduku ya bati ambayo wanafunzi wa bweni hubeba kila muhula. Fundi hukata, hukunja, hugonga, na kifuniko hukaa sawasawa bila mchoro wowote. Mwulize kwa nini amekunja hapo na si nusu inchi mbele, naye atakuonyesha tena badala ya kukueleza. Mtaalamu wa elimu Kenneth King aliwafuatilia mafundi wa Nairobi kwa miaka mingi na kutoa vitabu viwili, mwaka 1977 na 1996. Katika ulimwengu huo mwanagenzi hujifunza kwa kushika upande wa pili wa bati na kutazama. Fundi hatoi sababu. Je, hajui? Atakayesema fundi wa Kamukunji hajui kazi yake ajaribu kuifunga bati mwenyewe.

Lakini bati lina adabu ambayo Python haina. Likikatwa vibaya halifungi. Hata mtoto ataona pengo. Mkono hupata habari za kosa papo hapo. Ile hamsini mara 14 ilifunga vizuri kabisa, na laiti jibu lisingekuwa refu kiasi kile lingepita. Msichana angezidisha kwa 1, kwa mfano, siku matatu ina abiria mmoja tu, angeona 50 na kuridhika. Mahali ambapo kosa halitoi sauti, mkono peke yake hautoshi. Inabidi mtu awe na picha ya yanayoendelea ndani, na picha haihamishwi kwa mkono kupita juu ya bega.

Nairobi ilikuwa na mwanafalsafa aliyelifanya swali hili kazi ya maisha. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alizunguka vijijini akizungumza na wazee, na mwaka 1990 akachapisha kitabu cha mazungumzo hayo, Sage Philosophy. Aliwagawa wenye hekima makundi mawili. Wa kwanza anajua yote ambayo jamii yake inasema na huyataja bila kukosea. Ukimsukuma aeleze sababu, anakurudisha kwenye mila. Wa pili anajua hayohayo lakini anaweza kusimama kando yake, akayapima, akayakataa inapobidi. Kazi ya mwulizaji, kwa Oruka, ilikuwa ya mkunga: hazai yeye, anasaidia kinachozaliwa kitoke.

Wapinzani wake, akiwemo Mnigeria Peter Bodunrin, walimshika hapohapo. Mkunga aliyesomea falsafa ng’ambo anachagua maswali. Je, mawazo yatokayo ni ya mzee au ni ya wote wawili? Pingamizi hilo ni zito, na linaingia saibani moja kwa moja. Kijana wa meza ya pili angeweza kuirudisha mikono yake mfukoni na kusema: mwambie Python ichapishe type ya nauli. Skrini ingeonyesha neno str, yaani maandishi, na msichana angeshtuka mwenyewe. Lakini aliyejua kwamba swali la kuuliza ni la type ni nani? Kijana. Jibu lilikuwa limefichwa ndani ya swali.

Pamoja na hayo, pingamizi la Bodunrin linauliza mali ni ya nani wakati wa kuzaliwa, na kwa mwanafunzi hilo si muhimu sana. Swali “hii ni ya aina gani?” likishatoka kinywani mwa mwingine, msichana anaweza kuondoka nalo na kuliuliza juu ya kitu kingine kesho, bila mkunga. Int haiwezi kuulizwa juu ya kitu kingine.

Tangu ChatGPT itolewe mwishoni mwa Novemba 2022, mkono unaopita juu ya bega umekuwa mrefu kupita kiasi. Hauchoki, hauna mechi ya kurudia, na tofauti na yule kijana, hutoa na maelezo. Wengi husema basi tatizo limekwisha: sababu inakuja pamoja na jibu. Si hivyo. Maelezo yaliyosomwa mara moja na kuitikiwa kichwa ni noti nyingine ndani ya mfuko. Na mwaka huohuo wa 2022 taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari, kwa hiyo mfuko huo utabebwa na watoto wengi, wakiwemo ambao hawajawahi kukanyaga saiba.

Turudi Kayole. Tuseme kaka kondakta mwenyewe amekuja kuona programu. Inamwuliza nauli, naye, kama kondakta yeyote wa Eastlands, anaandika anavyosema: finje, yaani hamsini. Programu inaanguka. Safari hii kuna maandishi, na msichana, ambaye sasa amezoea kuisoma ripoti ya kosa kuanzia mstari wa mwisho, anasoma kwa sauti: ValueError: invalid literal for int() with base 10: 'finje'.

“Sawa, finje si nambari, hiyo nimeshika,” anasema. “Lakini base 10 ni nini?”

Kijana wa meza ya pili anafungua kinywa. Ameuona mstari huo mara zisizohesabika. Ameandika int kwa miaka mitatu. Anafunga kinywa, anavuta kiti, anakaa. Wanaandika help(int) na kuanza kusoma Kiingereza chake polepole, kaka akichungulia kwa nyuma. Kumbe int hupokea vitu viwili. Msichana anajaribu int("101", 2), na hakuna kati yao watatu anayejua kitakachotoka.

Inatoka 5. Mwenye saiba anazima taa ya mlangoni.